Muhuri Uliolala

Mtaani kwetu hakuna karatasi ya maana ambayo haijapita mikononi mwa Nailoni. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, cheti cha shule, kadi ya kliniki, picha ya marehemu bibi: vyote vilipelekwa kwake vikiwa vimekunjika, vikarudi vimenyooka ndani ya plastiki ngumu inayong'aa. Ndiyo maana akaitwa Nailoni. Jina lake la kweli lipo, mkewe analijua na serikali inalijua, lakini ukiliuliza mtaani utaambiwa mtu huyo alishahama.

Mimi ni fundi cherehani, na kibanda changu kimetengwa na chake kwa ukuta wa mbao usiozuia kitu. Mbele yetu ni geti la ofisi za serikali, kwa hiyo wateja wake hawakuisha. Harufu ya plastiki iliyopashwa moto iliingia kwangu tangu asubuhi mpaka jioni, ikajikalia kwenye vitambaa, mpaka wateja wakaanza kulalamika kwamba gauni jipya linanuka faili. Siku za mwanzo tuligombana sana. Nilimwambia ahamie jalalani akaunguze plastiki zake huko. Kesho yake akaniletea chai na kuniuliza kama sukari inatosha. Ni vigumu kugombana na mtu wa namna hiyo, na mimi kugombana ninajua.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na hakuna mteja aliyeweza kumharakisha. Kwanza ananawa mikono kwenye beseni na kuikausha kabisa. Anaipangusa karatasi kwa kitambaa kikavu, anaitia ndani ya mfuko wa plastiki, anaunyoosha. Halafu anamwambia mwenye karatasi, "Hakikisha ni yako na haina kosa. Ikishaingia haitoki." Hapo ndipo anailisha mashine upande huu, kisha anazunguka upande wa pili kuipokea kwa mikono miwili, kama mkunga. Mwisho anaikandamiza chini ya ubao mpaka ipoe, anamkabidhi mwenyewe na kusema, "Sasa hata mvua ije."

Watu walimcheka kwa neno hilo. Mimi pia nilimcheka, mpaka siku moja ya jua kali, hatuna wateja sote wawili, akanieleza. Alikuwa mtoto wa kubebwa vita vilipowatoa kwao. Karatasi zote za ukoo, za shamba, za kuzaliwa, mama yake alizifunga ndani ya kanga akazikaza kiunoni. Walivuka mto maji yakiwa kifuani. Yeye alikuwa mgongoni kwa dada yake mkubwa, binti ambaye mwenyewe alikuwa hajavunja ungo. Walipofika upande huu mama akaifungua kanga, akakuta uji. Kwenye meza ya kuandikisha wakimbizi akauweka ule uji mbele ya karani, na karani, maskini, alikuwa mtu mwema, akamwangalia mtoto meno akamkisia mwaka wa kuzaliwa. Tangu siku hiyo kila karatasi ya Nailoni ilitokana na makisio ya yule karani.

Mama hakuishi sana kambini. Aliyemlea ni dada. Ndiye aliyempangia foleni ya unga, ndiye aliyemchapa alipoiba sabuni, ndiye aliyemfundisha kwamba mkimbizi mwongo ni mkimbizi mara mbili. Vita vilipotulia dada akarudi kwao kuangalia kama shamba bado lipo. Nailoni alibaki, maana alikuwa amepata kibarua kwa mpiga picha mmoja na tayari kuna binti wa watu aliyekuwa anamnyima usingizi. Waliagana kama watu watakaoonana mavuno yajayo. Dada akaolewa huko, yeye akaoa huku, na mavuno yakapita bila idadi.

Utauliza kwa nini asiende kumwona, na mimi niliuliza. Kadi ya ukimbizi ina masharti. Mtu akionekana amerudi alikokimbia, wanasema basi hakuna anachokimbia, na kadi inakufa. Hapo hana huku wala kule. Wenzake wengi walipita njia za panya, wakaenda kuzika wakarudi, wakaenda kuoa wakarudi. Yeye alikataa katakata. Alisema siku akivuka tena atavuka kwenye daraja, mchana, na kitabu cha pasipoti mkononi. Dada naye mwanzoni hakuwa na uwezo wa kusafiri, na uwezo ulipopatikana miguu ikawa imemkatalia. Kilichobaki ni simu. Kila Jumapili Nailoni alitoka nyuma ya kibanda, akachuchumaa ukutani, akaongea lugha yao nisiyoijua hata neno moja. Mzee mwenye mvi, ana wakwe tayari, lakini simu ile ikimkamata alicheka kwa sauti nyembamba ya mtoto. Alinieleza kwamba hakuna mtu mwingine aliyebaki duniani anayemwita jina lake la utotoni.

Aliomba uraia. Sitaki kusimulia miaka hiyo yote, itanipandisha presha. Aliitwa, akarudishwa, akaitwa tena, akaulizwa wimbo wa taifa na majina ya mito, nasi majirani tukaitwa kushuhudia kwamba ni mtu mzima mwenye akili na hana ugomvi. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Ugomvi anao, ila wa kwangu peke yangu." Afisa akacheka na kuandika.

Katikati ya kungoja huko, dada akaugua. Moyo. Mpwa wake alipiga simu akasema daktari ameshauri wasimchoshe, na ukisikia daktari anasema hivyo basi unajua. Nailoni hakulia mbele yetu. Alianza tu kukosea vitu vidogo, akachanganya nakala za watu, akarudisha chenji mara mbili.

Halafu uraia ukatoka. Alikula kiapo mkono juu, pamoja na wenzake, katika ukumbi ule mkubwa, mkewe amevaa gauni nililolishona mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Akapewa cheti. Nimeona vyeti vingi kwa jirani yangu lakini kile kilikuwa cha namna nyingine. Karatasi nzito kama kitambaa cha sare, nembo juu, picha yake, saini ya wino wa kweli, na pembeni muhuri usio na wino, uliobonyezwa tu, ambao hauonekani vizuri lakini ukipitisha kidole unausikia umeinuka. Alikuja nacho moja kwa moja dukani. Tuliusikiliza muhuri ule kwa vidole, mmoja mmoja: mimi, fundi viatu, mama wa vocha. Mkewe akapiga vigelegele.

Kisha Nailoni akaliendea beseni, akanawa mikono.

Wala hakuna aliyeshtuka. Mtu aliyefunika karatasi za mtaa mzima, ile ya kwake aliyoitafuta maisha yake yote angeiacha uchi? Alikipangusa cheti kwa kitambaa kipya. Alijiambia mwenyewe kwa sauti, "Hakikisha ni yako," akacheka, akahakikisha. Mashine ikanguruma, naye akazunguka upande wa pili kukipokea, na kilipotoka kinang'aa tukapiga makofi. Aliposema "Sasa hata mvua ije," macho yalikuwa yamemjaa machozi. Kama kuna siku nilimpenda jirani yangu kwa dhati, ni siku ile.

Juma lililofuata tulikwenda kuomba pasipoti. Mimi nilikwenda kwa sababu waombaji hutakiwa kuja na mdhamini, raia anayewafahamu, na mkewe hakuwa na ruhusa kazini. Ofisi ilikuwa na viti vya chuma vilivyounganishwa, kwa hiyo mmoja akitingisha mguu mnatingishika safu nzima. Feni ilikuwa inageuka upande mmoja tu, ule wa maafisa. Nailoni alivaa koti. Cheti kilikuwa mapajani mwake na kila aliyekaa karibu alionyeshwa. Alikuwa ameshampigia dada simu asubuhi ile, ameshamwambia aandae mahali pa kulala, na dada alikuwa amemjibu kwamba atalala sakafuni kama zamani, maana kitanda ni cha mgonjwa.

Afisa wa dirisha letu alikuwa mama wa makamo, miwani ameining'iniza shingoni kwa kamba. Alipokea fomu, picha, barua yangu ya udhamini. Alipokea cheti. Nikaona kidole gumba chake kinakwenda kwenye ile kona, kinapita, kinarudi, kinapita tena.

"Mzee, nani amekipiga laminesheni cheti hiki?"

"Mimi mwenyewe," akasema Nailoni, na jinsi alivyojinyoosha sitasahau. Alidhani anasifiwa. "Ndiyo kazi yangu hiyo, mama. Hata maji hayaingii."

Yule mama alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Akakigeuza cheti, akakibandika kwenye kioo ili tusome nyuma. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa, palikuwa pameandikwa kwamba hati hii isifunikwe kwa plastiki wala kitu kingine, na ikifunikwa itahesabiwa imeharibika.

"Lazima tuupapase muhuri," akasema kwa upole. "Na kuna alama ndani ya karatasi tunazozipima kwa taa. Hapa siwezi kupima kitu. Kwetu sisi, mzee, hiki ni kama hakipo."

Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, lakini hawakusema nini kinampata akijaribu. Mtu aliyewasomea watu wote karatasi zao, aliyewaambia wahakikishe, ya kwake hakuigeuza. Nailoni aliomba msamaha. Aliuomba mara nyingi, kwa afisa, kwangu, kwa watu waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni. Nilimshika mkono tukatoka, na njia nzima nilikuwa natukana, sijui namtukana nani.

Tulipofika nikasema, "Leta hapa. Pasi yangu imeondoa nta, imeondoa gundi, itaondoa na nailoni."

"Haitoki, Fundi. Nimewaambia watu miaka yote."

"Uliwaambia watu. Mimi hukuniambia."

Tulifunga milango yote miwili. Nilitandika kitambaa cha pamba juu ya cheti, nikaweka pasi ya uvuguvugu, naye akakata ukingo kwa wembe, akaanza kuvuta kidogo kidogo. Plastiki iliinuka upande wa mbele, ikaja na kipande cha wino wa nembo, kidogo tu, ikaiacha picha salama. Nikaanza kushukuru. Upande wa nyuma ukakubali pia, kwa shida, karatasi ikiwa na manyoya kama blanketi kuukuu. Akakiweka mezani. Akapitisha kidole kwenye kona.

Kisha akaushika mkono wangu, akakiweka kidole changu pale pale. Palikuwa laini kama meza. Yale magurudumu ya mashine, na joto lake, yalikuwa yameulaza muhuri siku ile ile tulipokuwa tunapiga makofi. La kuvunda halina ubani. Nilizima pasi.

Tulikipeleka hivyo hivyo. Mama wa dirishani akapapasa, akatikisa kichwa, na naamini alihuzunika. Alitueleza utaratibu. Cheti kilichoharibika hurudishwa makao makuu, mwenyewe anaeleza chini ya kiapo jinsi kilivyoharibika, kamati inakaa, inajiridhisha kwamba hakuna udanganyifu, ndipo kinatolewa kingine. Nailoni akauliza muda. Akajibiwa kwamba kamati haikai kila mwezi.

Nje ya geti palikuwa na dalali, mmoja wa wale wanaojua kila mlango na kila bawabu. Tulimfahamu, alikuwa akinakili karatasi kwa Nailoni. Alitusikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka. "Kiharibike cha nini? Kipoteze! Nenda polisi, sema uliporwa mkoba, kilikuwa ndani. Ripoti unapata leo leo. Kilichopotea hakina kamati, kwa sababu hakuna cha kuchunguza. Hicho ulicho nacho kitie moto, mambo kwisha."

Nilimgeukia Nailoni, nikamwona anatazama chini, nikajua.

"Sikuporwa," akasema.

"Najua hukuporwa!" Mdomo wangu hauna breki, na siku ile hata nisingetaka breki. "Nani amekuuliza kama uliporwa? Dada yako yuko kitandani!"

"Nimekula kiapo juzi tu, Fundi. Mkono juu. Neno langu la kwanza kama raia liwe uongo polisi? Na njia ya mwongo ni fupi."

"Hiyo hiyo fupi ndiyo tunayoitaka!"

Dalali aliangua kicheko. Nailoni naye akatabasamu kidogo, kwa adabu, lakini akaanza kuvuka barabara na cheti chake kilichonyonyoka. Nilimfuata nikimrushia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia uaminifu wake ni kiburi. Nilimwambia anampenda karani kuliko dada yake. Yeye alikwenda nyuma ya kibanda ingawa haikuwa Jumapili, akachuchumaa, akapiga simu.

Safari hii hakucheka. Aliongea kwa muda mrefu, kisha akasikiliza kwa muda mrefu zaidi. Alipotoka huko nikamuuliza dada amesemaje.

"Kasema nisiseme uongo. Kasema yeye atangoja."

Niliingia ndani, nikakaa mbele ya cherehani bila kushona. Niliwakasirikia wote wawili, ndugu hawa na ugumu wao wa kichwa. Nilikasirika zaidi kwa sababu ya lile neno, atangoja, kama vile kungoja ni kitu ambacho mgonjwa wa moyo anakipanga mwenyewe.

Basi ikaja miezi ya kamati. Nailoni alifungua kila asubuhi. Alinawa mikono, akapangusa karatasi za watu, ila sasa kabla ya kuzitia kwenye mfuko alizigeuza na kuwasomea wenyewe nyuma kwa sauti, hata kama hapakuwa na kitu ila jina la kiwanda cha uchapaji. Wateja wapya walimwona ameanza kuzeeka vibaya. Mpwa alipiga simu mara kwa mara. Leo mama amekula. Leo mama hakula. Leo amekaa nje kidogo. Leo amepelekwa hospitali, leo amerudishwa. Kila simu ikilia nilisimamisha mguu kwenye pedali mpaka nisikie sauti yake ikishuka.

Siku cheti cha pili kilipotoka, alikileta nyumbani kati ya mbao mbili alizozifunga kamba, mvua ikamkuta njiani akasimama kwenye baraza la duka la dawa mpaka ikakatika. Mama wa dirishani alipopitisha kidole kwenye kona alitikisa kichwa kwa kukubali, na nusura nimbusu kwenye kioo. Alama za vidole, picha, malipo, na baada ya muda pasipoti ikaitwa kwa jina ambalo sikulijua mpaka nilipomwona jirani yangu akisimama. Kilikuwa kitabu kidogo, kipya, kinanuka gundi. Hakukionyesha kwa mtu. Alikwenda nyumbani, akachukua mkoba uliokuwa umefungashwa muda wote huo, na alasiri ile ile akapanda basi. Dada alikuwa bado anangoja.

Yaliyotokea huko ninayajua kutoka kwake mwenyewe, maana alinisimulia, taratibu, siku aliporudi.

Aliuvuka mto kwenye daraja, mchana. Ng'ambo palikuwa na madirisha mawili, la wenyeji na la wageni. Miguu yake ilimpeleka kwenye la wenyeji bila kumuuliza. Alipanga foleni na watu waliokuwa wanaongea lugha ya mama yake, akafurahi kuisikia kutoka midomo mingi kwa mara moja, na alipofika mbele afisa akatazama kitabu, akamwambia, "Mzee, wewe ni mgeni. Dirisha lile." Akaenda dirisha lile. Akaulizwa anakuja kufanya nini. Akasema anakuja kumwona dada yake. Wakamgongea muhuri wenye tarehe ya mwisho ya kukaa.

Dada alikuwa amebaki mifupa na macho. Alimwangalia aliposimama mlangoni, mwanamume mwenye mvi, tumbo limetangulia, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani amekunyoa vibaya hivyo?" Nailoni alipiga magoti. Alisema alilia mpaka wajukuu wakatolewa chumbani. Alilala sakafuni kama alivyoahidiwa. Asubuhi alimlisha, alimchana nywele, alimgeuza, kazi zote alizowahi kufanyiwa yeye, na jioni wakawa wanabishana kuhusu mambo ya kambini, nani aliiba sabuni, nani alichapwa bure. Dada alishinda kila ubishi kwa sababu alikuwa akishindwa anasema amechoka.

Siku zikaenda, tarehe ikasogea. Alikwenda kuomba aongezewe muda, akaambiwa ofisi inayoongeza iko mji mkuu, safari ya kutwa kwenda na kutwa kurudi. Hakuthubutu kumwacha. Tarehe ilipofika mpwa wake alimwamsha mapema. "Mjomba, nenda. Pasipoti yenyewe umeisotea hivyo, usiiharibu. Lolote likitokea tutakupigia." Alikubali. Alifunga mkoba, akavaa koti, akaingia kumuaga. Dada alikuwa amelala, na katika usingizi akamshika kifundo cha mkono, vidole vikazunguka, vikabana. Nailoni akakaa kitandani na koti lake. Basi la asubuhi likapita, la mchana likapita. Jioni akavua koti.

Dada aliishi siku chache zaidi. Alikufa kwenye mikono yake, anampa maji. Akamzika, akakaa na watoto wake mpaka watu wakatawanyika, kisha akaenda mpakani na kitabu mkononi.

Afisa alikuwa kijana wa umri wa mwanawe. Akafungua, akahesabu, akakunja uso.

"Mzee, tarehe yako ilishapita. Hukuiona?"

"Niliiona kila siku."

"Sasa kwa nini hukuondoka?"

"Dada yangu alikuwa hajafa."

Yule kijana akaweka kalamu chini. Akatazama nyuma kama kuna mkubwa wake, akapunguza sauti. "Sema uliugua, baba. Nitaandika uliugua, upite zako."

"Sikuugua, mwanangu. Nilikaa kwa makusudi."

Alipofika hapo katika kusimulia, Nailoni alitoa pasipoti kwenye mfuko wa shati, akaifungua kwenye ukurasa wa mwisho wenye wino, akanisogezea. Muhuri ulikuwa mkubwa, mweusi, umejaza karibu ukurasa mzima: mwenye kitabu hiki amekiuka muda, haruhusiwi kuingia tena kwa miaka iliyotajwa chini yake. Niliusoma mara mbili. Hasira zangu zote za zamani zilinipanda kwa pamoja, nikaanza kumlaani yule kijana.

"Usimlaani," akasema. "Aliniomba radhi kabla ya kugonga. Nikamwambia, gonga tu, mwanangu. Niliyekuwa namwendea nimeshamzika."

Akakifunga kitabu. Akaniambia jina aliloitwa na dada yake, lile la utotoni. Alisema ameona afadhali mtu mwingine mmoja alijue. Nilimwita kwa jina hilo, nikamwambia pole, naye akaitika.